Watu wa Mabua kwenye Picha ya Mzee

*Swali:* Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mkenya, natunza wazee huku Kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ayalandi. Mzee mmoja ninayemhudumia alinifungulia kopo la biskuti lililojaa picha za zamani. Moja ilinishtua. Watu saba wamesimama mchana mbele ya nyumba iliyoezekwa kwa majani, na wote wamevaa makofia marefu ya mabua, yamechongoka juu na kufunika uso mzima. Mabegani mabua, kiunoni mabua. Wa tatu kutoka kushoto ana viatu vya kike. Nilidhani ni wachawi, au wale wabaguzi wa Marekani wenye kofia za ncha. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akaniambia tu, "Ilikuwa harusi." Hawa ni akina nani? Picha ni ya kweli, au walipangwa tu wapigwe? Na familia yake inasema kopo lile ni takataka. Lina thamani yoyote?

*Jibu:* Marahaba, binti yangu, na pole kwa mshtuko. Wale wa Marekani huvaa shuka na hawahusiani kabisa na hawa. Uchawi pia haumo.

Mzee amekujibu sawasawa. Kwa Kiayalandi watu hao huitwa *buachaillí tuí*, yaani vijana wa mabua, na walikuwa wageni wa harusi ambao hakuna aliyewaalika. Usiku wa harusi, chakula kimeshaliwa, fidla inalia, mlango unagongwa na kundi la watu wasio na nyuso linaingia. Wana kiongozi, waliyemwita kapteni, naye ndiye msemaji, tena kwa sauti aliyoibadilisha. Wanacheza na bibi harusi, wanacheza na wageni, wanapewa kinywaji, wanaondoka walivyokuja. Kufika kwao kulihesabiwa heri kwa maharusi. Kuwafukuza kulikuwa nuksi, na kundi lililofukuzwa lilijua namna ya kulipiza. Raha yenyewe ilikuwa kubahatisha: yule mrefu si mtoto wa jirani yetu wa ng'ambo ya mto? Na huyu mwenye kuyumba, si fundi viatu? Kijiji kizima kinajuana, ila kwa nusu saa hakuna anayemjua mwenzake.

Hebu itazame tena ile picha, safari hii kwa macho ya fundi. Vazi lina vipande vitatu: kofia, joho la mabegani na sketi ya kiunoni. Mabua hutakiwa yawe marefu, ya ngano au ya oti, na yawe yamepurwa kwa mkono, kwa sababu mashine huyaponda yakawa makapi. Kwanza husukwa mkanda wa duara unaokaa kichwani. Mabua ya juu ya mkanda hukusanywa na kufungwa kileleni, ndipo inapotokea ile ncha iliyokutisha. Ya chini huachwa yaning'inie usoni kama pazia, na mvaaji huchungulia kwenye upenyo. Ukiweza kuikuza picha kwa simu, tafuta ule mkanda. Kama umesukwa vizuri, ujue mtengenezaji alikuwa mtu aliyezoea kusuka kamba za mabua, kazi ambayo kila shamba la huko liliihitaji kwa kufungia mapaa na hata kutengenezea viti. Vazi la namna hii halikuwa na gharama, na asubuhi lingeweza kutupiwa ng'ombe walalie.

Wapo wanaosema mabua ni mabaki ya ibada ya kale ya rutuba. Huenda. Mimi nina shaka na maelezo yanayoruka miaka elfu mbili bila kugusa chini. Mabua yalikuwepo, yalikuwa bure, na yanaficha mwili kuanzia utosini hadi magotini.

Ila usiandike "harusi" nyuma ya picha bila kupeleleza, maana mabua hayohayo yalivaliwa katika shughuli nyingine. Tarehe 26 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Stefano, vijana walitoka kumtembeza *dreoilín*, ndege mdogo sana mwenye mkia uliosimama. Zamani walimwinda wakamwua, wakamfunga juu ya tawi la mti wenye majani ya miiba, wakapita nyumba kwa nyumba wakiimba na kuomba senti za kumzika. Mji wa Dingle, Kaunti ya Kerry, bado unaifanya siku hiyo kwa ngoma na filimbi, ingawa siku hizi hakuna ndege anayeuawa. Jioni ya tarehe 31 Januari, mkesha wa Mtakatifu Brigida, vikundi vilipita na mwanasesere anayeitwa *Brídeog*. Na kwingine, kama Fermanagh na Wexford, kulikuwa na waigizaji wa Krismasi wenye mashairi yao. Kwa hiyo tafuta tawi, tafuta mwanasesere. Visipokuwepo, na mzee akasema harusi, mimi namwamini mzee.

Angalia miti pia. Kama imepukutika majani, hilo linaafikiana na harusi, na sababu yake ni Kwaresima. Kanisa Katoliki halikufungisha ndoa katika kipindi hicho, na kijijini watu waliharakisha kuoana katika wiki za baridi, kabla ya Jumatano ya Majivu. Nadhani hata wakulima walipenda hivyo, kwa vile kazi za shamba zilikuwa zimepungua na mabua yapo ghalani. Waliobaki kapera waliipata. Kusini, katika jimbo la Munster, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima iliitwa Jumapili ya Chaki: vijana waliwanyemelea makapera wakiwa njiani kwenda kanisani na kuwachora alama za chaki mgongoni. Kwetu shangazi angemaliza kazi hiyo kwa mdomo tu.

Sasa swali lako zito: ni picha ya kweli?

Umesema wamesimama mchana. Hapo ndipo penye ufunguo. Vijana wa mabua walifika usiku, ndani ya nyumba yenye taa ya mafuta na moto wa mekoni. Mpango wa serikali wa kupeleka umeme vijijini ulianza mwaka 1946, na nyumba nyingi za magharibi ziliufikia miaka ya 1950 au baadaye. Kamera ya kawaida ya familia, ile ya kisanduku, isingeweza kupiga watu wanaocheza katika giza lile. Kwa hiyo karibu kila picha ya zamani ya vijana wa mabua unayoiona imepigwa mchana, nje, watu wamejipanga kama timu ya mpira. Maana yake walivaa tena kwa ajili ya kamera, au walivaa mapema kabla ya jua kutua.

Kwa hiyo ndiyo, walipangwa. Hata hivyo nguo ni zao, mabua ni yao, na walioyavaa pengine ni walewale waliocheza usiku. Mimi huita hiyo picha iliyokubaliana na kamera. Ni tofauti na kitu kilichobuniwa kwa ajili ya kamera, na mfano wake maarufu uko hukohuko magharibi. Mwaka 1934 Mmarekani Robert Flaherty alitoa filamu yake kuhusu visiwa vya Aran. Familia anayoionyesha ilikusanywa kwa watu wasio wa nyumba moja, na wale wavuvi wanaomchoma papa mkubwa kwa chusa walilazimika kufundishwa, kwa sababu uwindaji wa namna hiyo ulishaachwa visiwani tangu enzi za mababu zao. Mawimbi yalikuwa ya kweli, na hatari waliyoingia nayo ilikuwa ya kweli. Ila mtazamaji aliuziwa maisha ya jana kana kwamba ni ya leo.

Mvutano huo ulianza mapema. Mwandishi J. M. Synge alianza kwenda Aran mwaka 1898, na alikuwa na kamera. Ameeleza jinsi alivyokaribia kugombana na kijana mmoja wa kisiwani. Kijana alitaka kupigwa picha akiwa na nguo zake za Jumapili zilizonunuliwa mjini Galway. Synge aliitaka ile ya sufu iliyofumwa nyumbani, akiona inampendeza zaidi. Kijana hakuipenda, kwa sababu ilimfanya aonekane mshamba. Mimi nikiisoma habari hiyo huwa upande wa kijana. Nani kwetu aliwahi kwenda studio na nguo za shambani? Tuliazima hata saa! Lakini makumbusho yamejaa watu waliovaa alichokitaka mpigapicha. Unapoona "vazi la asili" kwenye picha ya mwaka 1900, jiulize nani alilichagua asubuhi ile.

Na walikuwepo waliokwenda na kamera kwa nia mbaya zaidi ya hiyo, ingawa wenyewe waliiita sayansi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Alfred Cort Haddon na daktari Charles Browne wa Dublin walizunguka visiwa vya magharibi wakipima vichwa vya watu, rangi ya macho na urefu wa pua, na kuwapiga picha uso kwa mbele kisha kwa ubavu, kama wafungwa. Browne alifika hadi vijiji na visiwa vya Mayo yako. Mwaka 1890 Haddon na mwenzake walichukua kwa siri mafuvu 13 kutoka magofu ya kanisa la kale katika kisiwa cha Inishbofin, yakawekwa Trinity College, Dublin. Wenyeji waliyadai kwa miaka, na Julai 2023 yalirudishwa na kuzikwa kisiwani. Mtanzania anayejua habari ya fuvu la Mkwawa, lililorudi Kalenga mwaka 1954, na ya mafuvu mengine yaliyobaki Berlin, hahitaji kuelezwa zaidi. Nalitaja hili kwa sababu picha za Browne sasa ni hazina: ndizo picha pekee za baadhi ya watu hao, na wajukuu wanazitafuta. Hazina na aibu zimo katika albamu moja, na mtu analazimika kuzibeba zote mbili.

Kulikuwa na wengine waliopiga kwa biashara tu. Duka la William Lawrence mjini Dublin liliuza mandhari na kadi za posta, na mpigapicha wake Robert French alizunguka nchi nzima. Negativu za kioo zipatazo 40,000 za mkusanyo huo ziko Maktaba ya Taifa ya Ayalandi. Ukitaka kuona mtaa, gati, au siku ya mnada wa ng'ombe, nenda huko. Ukitaka mila, utakuta kidogo, maana mgeni mwenye kununua kadi alitaka mlima, ziwa na nyumba ya majani, basi.

Mwaka 1913 wanawake wawili wa Kifaransa, Marguerite Mespoulet na Madeleine Mignon-Alba, walikuja kupiga picha za rangi. Tajiri wa Paris, Albert Kahn, alikuwa akikusanya picha za dunia nzima, na hao wawili walikuja Ayalandi na sahani za kioo za kupigia picha, zilizopakwa chembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi. Viazi! Katika nchi ambayo viazi vilioza mashambani miaka ya 1840, na watu kama milioni moja wakafa. Sahani hizo zilihitaji mwanga wa muda mrefu, ndiyo maana watu wao wamesimama kimya kama wanaosikiliza jambo. Huko Claddagh, kijiji cha wavuvi pembeni ya Galway, walipiga nyumba za majani zilizobanana na wanawake wenye shali na sketi nyekundu. Miaka ya 1930 nyumba zile zilibomolewa na kujengwa za halmashauri. Kabla ya kuziona picha hizo nilikuwa nikifikiri Ayalandi ya zamani ilikuwa ya kijivu. Macho yetu huzoea kuwaona wafu katika rangi ya kijivu tu, hadi tunasahau kwamba sketi ilikuwa nyekundu kama pilipili. Muulize mzee wako mabua yale yalikuwa na rangi gani siku ile. Mabua mapya yanang'aa kama dhahabu, ya mwaka jana yamefubaa, na yeye atakumbuka.

Kazi iliyonifanya niipende nchi hiyo ni ya Tume ya Ngano (yaani hadithi za kale) na Mila ya Ayalandi, iliyoanzishwa mwaka 1935 chini ya Séamus Ó Duilearga. Wakusanyaji wake walizunguka vijijini, wengine kwa baiskeli, wakibeba mashine nzito ya kurekodia iitwayo Ediphone. Sauti ilichorwa kwenye silinda za nta. Mkusanyaji alisikiliza, akaandika kila neno, kisha silinda ikaparuzwa na kutumiwa tena, kwa kuwa fedha hazikutosha. Ndivyo zilivyopotea sauti nyingi, maneno yakabaki. Picha hazikuweza kuparuzwa, nazo zimebaki: makavazi ya Tume, ambayo sasa yako University College Dublin, yana picha zipatazo 80,000. Nyingi ni za kazi ya Caoimhín Ó Danachair, aliyekuwa na jicho la mjenzi. Alipiga paa, meko, lango, jembe, na mkono wa mtu unavyolishika jembe. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza mkusanyo wa Tume katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Kinachozipa picha hizo uzito ni kwamba haziko peke yake. Mwaka 1942 Seán Ó Súilleabháin alitoa kitabu kinene cha maswali ya kuwaongoza wakusanyaji: nyumba, riziki, kuzaliwa, ndoa, kifo, dawa, sikukuu, michezo. Picha zinapangwa kwa mafungu hayohayo. Kwa hiyo mbele ya picha ya meko unaweza kupata kurasa za watu wakieleza jinsi moto unavyofukiwa kwa majivu usiku, na dua inayosemwa wakati wa kuufukia. Picha bila kurasa ni meko tu.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Zamani nilipewa kazi ya kuandika maelezo ya picha kwa maonyesho madogo. Moja ilionyesha mtoto wa Connemara, peku, nywele ndefu, amevaa sketi nzito. Niliandika, "Msichana mdogo mlangoni." Siku ya kufungua alikuja mama mmoja mtu mzima wa pande hizo, akasoma, akanivuta mkono pembeni. "Huyo ni mvulana," akasema. "Kaka zangu wote walivaa hivyo." Kumbe magharibi kule wavulana walivishwa sketi mpaka miaka kumi na zaidi. Wenyewe walisema ni kuwahadaa watu wa vilimani, viumbe wasioonekana, tuseme majini wa kule, waliopenda kuiba watoto wa kiume. Wengine husema ni urahisi tu: mtoto mwenye sketi hahitaji vifungo akibanwa na haja. Sababu zote mbili huenda zilikaa nyumba moja bila kugombana. Mimi nilirudi usiku kubadilisha kile kikaratasi, na tangu hapo sijaandika jinsia ya mtoto yeyote bila ushahidi.

Kamera pia haikupenda kila kitu sawasawa. Kazi za mchana zimejaa: kuchimba *móin*, ule udongo mweusi wa kinamasi unaokaushwa na kuchomwa kama kuni; kubeba mwani kwa punda; mitumbwi ya turubai na lami vichwani mwa wanaume watatu, inatembea ufukweni kama mdudu wa miguu sita. Mahujaji wa Croagh Patrick, mlima wako hapo Mayo, Jumapili ya mwisho ya Julai. Mbuzi anayetawazwa mfalme mjini Killorglin, Agosti. Lakini mambo ya usiku na ya ndani ni adimu. Matanga, kwa mfano. Waayalandi walikesha na maiti kwa tumbaku, hadithi na hata michezo ya vijana ambayo mapadri waliipiga vita miaka nenda rudi. Yameandikwa mengi mno kuhusu mikesha hiyo, na picha utazihesabu. Upatanishi wa ndoa mbele ya moto, wazee wakijadili ng'ombe na ekari: nani angethubutu kuwasha taa ya kamera usoni mwao? Kwa hiyo usipime uzito wa mila kwa wingi wa picha zake.

Picha yako huenda ni ya miaka ya 1940 au 1950, kwa kukisia tu. Itazame nyuma kwanza: muhuri wa duka la kusafishia picha, namba ya penseli, chochote. Kingo zilizokatwa kwa mawimbi zilipendwa kati ya miaka ya 1930 na 1950. Kisha nguzo na nyaya za umeme. Kisha miguu, kama wana viatu vya ngozi au mabuti ya mpira. Mwaka 1954 Mmarekani Dorothea Lange alikaa wiki sita Kaunti ya Clare akipiga wakulima, baada ya kusoma utafiti wa Wamarekani wenzake waliokaa hapo miaka ya 1930, na picha zake zikatoka katika jarida la Life Machi 1955. Ziko mtandaoni, kwa sababu makumbusho ya Oakland, California, ndiyo inayozihifadhi. Linganisha makoti, kofia na viatu na vya kwako. Nyuso za Lange zina tabasamu, mvua na matope, ila kuna jambo zinaloligusa kwa mbali: katika mwongo ule watu kama 400,000 waliihama Ayalandi, wengi wao vijana. Mila ya vijana saba inahitaji vijana saba. Wakishapanda meli kwenda Liverpool na Boston, mabua yanabaki ghalani.

Juu ya familia kuliita kopo lile takataka, waambie kwa upole wasitupe kwanza. Thamani ya fedha ni ndogo, sitakudanganya. Ila picha ya vijana wa mabua yenye majina, kijiji na mwaka ni kitu ambacho makavazi ya Dublin yanaweza kukipokea kwa mikono miwili, hata nakala tu. Isiyo na majina ni moja katika nyingi. Tofauti ni kumbukumbu ya mzee, nayo wewe unajua zaidi yangu ilivyo siku kwa siku.

Basi fanya hivi, ila kwanza omba ruhusa yake, ya familia, na ya mwajiri wako, maana kazi yako ina sheria za faragha. Usiirushe kwenye kundi la WhatsApp hata kwa nia njema. Piga nakala ya mbele na ya nyuma. Usiandike kwa kalamu ya wino, tumia penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Usibandike kwa selotepu. Mtu mwenye karatasi ya picha si lazima awe mwenye hakimiliki: huko hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mpigapicha, kwa hiyo swali la nani aliyeshika kamera lina faida mbili. Kisha kaa naye saa ambayo huwa na nguvu, nadhani asubuhi baada ya chai, uweke simu irekodi, na umwachie aanze popote. Wazee hawapendi kuhojiwa kwa mpangilio wa fomu. Akimaliza, ndipo uende kutoka kushoto kwenda kulia.

Kuna zawadi moja unayoweza kumpa. Kati ya mwaka 1937 na 1939 Tume iliwatuma wanafunzi wa shule za msingi, zaidi ya 50,000 kutoka shule kama 5,000, wawaulize wazee wao na kuandika. Madaftari hayo yako kwenye tovuti ya dúchas.ie, pamoja na sehemu ya picha za makavazi, na unaweza kutafuta kwa kaunti na kwa shule. Mzee wako pengine alikuwa mdogo mno kuandika, lakini kama alikuwa na kaka au dada wakubwa, tafuta shule yao. Nimemwona mtu wa miaka themanini na kitu akisoma mwandiko wa dada yake aliyekufa zamani, ukurasa mmoja kuhusu kutengeneza siagi, na alasiri yote hatukufanya kazi nyingine.

Na siku yako ya mapumziko panda basi uende Turlough, karibu na Castlebar. Hapo pana tawi la Makumbusho ya Taifa linaloshughulika na maisha ya vijijini, lilifunguliwa mwaka 2001, na kiingilio ni bure. Wana mavazi ya mabua katika mkusanyo wao. Kama hali ya mzee inaruhusu na familia imekubali, mchukue.

Nimebakiza wa tatu kutoka kushoto. Wanaume wa mabua walikuwa na mtindo wa kuvaa nguo za dada zao ili kupoteza nyayo, kwa sababu viatu na mikono ndivyo vinavyomtoboa mtu siri. Lakini mwanamume wa kijijini kuingia katika kiatu cha kike, kwa mguu ule wa shamba, si jambo jepesi. Kwa hiyo ama kijana alivumilia maumivu usiku kucha, ama ni msichana aliyejipenyeza kundini, jambo ambalo lilitokea sehemu fulani. Umeniambia mzee alicheka mpaka akakohoa. Hukuniambia alikuwa anatazama sehemu gani ya picha. Mwekee tena mkononi, uweke kidole kwenye vile viatu, unyamaze. Akikutajia jina, liandike kwanza kabla ya yote, kisha uniandikie.